Mpiga Mishale Aliyegeuka

Rafiki yangu, mtu asiyeamini hata kivuli chake, huchora askari wa mchezo wa vita wa kompyuta. Huwachora wote wakitazama kulia, kisha huwapunguza hadi ukubwa wa ukucha. Mchana mmoja alifunga pazia zito nyuma yake ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri, akampunguza mpiga mishale. Askari huyo akatokea ametazama mbele, kumwelekea yeye.

“Nani kagusa kazi yangu?” akamfokea mdogo wake aliyekuwa sebuleni.

“Dada, hata mlangoni sijafika!”

Akarudia mara tatu. Mara zote tatu mpiga mishale akageuka, akalenga juu ya bega lake, kwenye pazia. Rafiki yangu akakaa akimkodolea macho mpaka kioo kikajizima, kama kawaida yake. Gizani akasikia uzi uliokazwa ukiachiwa, na nyuma yake mtu akaguna.

Akagusa kipanya. Kioo kikawaka.

Upinde ulikuwa mtupu.