Canelo na Maganda ya Mtungini

Habari hii nilipewa na jirani yangu Eufrasia, mwaka ule mvua zilipochelewa, tukichambua maharage kibarazani kwake.

Baba yake, mzee Hilario, usingizi ulimkimbia tangu alipofiwa na mkewe. Alilala pale tu mbwa wao Canelo alipojilaza miguuni pake. Bila Canelo, alikesha akiitazama dari.

Joto likizidi, Eufrasia hutengeneza tepache. Huloweka maganda ya nanasi kwa sukari guru mtungini mpaka yachachuke. Siku moja alichuja kinywaji, maganda akammwagia Canelo ayale. Aliona ni tunda tu, kutupa ni hasara.

Baada ya chakula cha mchana mtaa mzima ulizama katika joto. Hata kuku walinyamaza. Canelo akaja akipepesuka, kama anayekanyaga mawingu. Mpita njia akauliza kama mbwa anatoka harusini. Canelo akatapika, akaanguka. Mzee akapiga magoti.

"Canelo, baba, usiniache na wewe."

Eufrasia akakoroga maji ya chumvi ili amtapishe. Bahati nzuri alikuwa amekwisha kumwita Refugio, daktari wa mifugo, naye akaingia.

"Weka chini hiyo chumvi, dada. Utamuua. Amekula nini?"

Akaelezwa. Akasema maganda yaliyochachuka yana pombe, na pombe ni sumu kwa mbwa, hata ikiwa kidogo. Tena ganda la nanasi ni gumu, likiwa bichi au limechachuka. Linaweza kuziba utumbo. Akambeba Canelo, akaenda kumtundikia dripu.

Usiku huo mzee hakufumba jicho.

Kesho yake mchana Refugio alimrudisha mbwa, amekonda lakini anatembea.

"Ndiyo kusema asionje tunda tena?" Eufrasia akauliza.

"Ataonja. Nyama ya nanasi, kipande kidogo, bila ganda. Tufaha lioshe, toa mbegu, ganda lake halina neno. Lakini ganda la parachichi na kokwa yake, usimpe. Na zabibu, hata moja."

Tangu hapo Eufrasia huyafukia maganda shimoni, nyuma ya banda la kuku.

Mchana ule aliporudishwa, Canelo alijikokota hadi kitandani kwa mzee. Pazia likavuta upepo, likauachia. Eufrasia akasinzia kitini. Mbwa naye akalala. Mzee Hilario akabaki macho peke yake, akisikiliza ile pumzi miguuni pake, ikienda, ikirudi, mpaka na yeye usingizi ukamchukua.