Magunzi ya Baba Mdogo

"Sindano, uko wapi?"

"Uani, nyuma ya karakana."

"Mnunuzi anaondoka saa sita mchana. Makaa yasivuke mpaka, wala daftari."

"Na mzee?"

"Mzee asijue lolote."

Simu ikakatika.

Sindano alichomoa bastola yake ya Glock, akapenya dirishani. Mzee huyo alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa wa miaka minne. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akioka magunzi ya mahindi kwenye tanuri lisiloingia hewa, kwa kichocheo alichokijua yeye peke yake, mpaka yakatoka makaa yenye vitundu visivyohesabika. Kijiko kimoja kilisafisha pipa zima la maji yenye sumu. Wakubwa walimcheka. Mgeni mmoja, ndiye mnunuzi huyo, akamwahidi kiwanda papo hapo mtaani.

Kiwanda chenyewe cha mdomoni. Mgeni alitaka kutoroka na siri, kisha awauzie watu maji yao wenyewe.

Sasa mgeni alikuwa amesimama kando ya tanuri, daftari la kanuni ya mzee mkononi. Alipomwona Sindano, akachomoa bastola.

Sindano akawahi.

Risasi moja, begani. Mgeni akaanguka akipiga kelele. Nje, milango minne ya Land Cruiser ikafunguka, wakashuka walinzi wake wanne.

"Msaada?" Sindano aliuliza kwenye kifaa cha sikioni.

"Dakika ishirini."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Sindano alifunga naitrojeni, gesi iliyozuia makaa yasiwake, akafungua mlango wa tanuri, akalitupa daftari ndani. Hewa ikaingia. Makaa yakalipuka moto.

"Usifungue, mwanangu!" Mzee alikuwa ametokea stoo. Alikuwa amechelewa.

Wale wanne waliona moto, wakamwona bosi wao sakafuni, wakatimua mbio. Walikamatwa njia panda.

Mzee alichuchumaa mbele ya majivu.

"Ungeniambia tu."

"Ungeniamini, baba?"

"Ningekuamini. Ndiko kukulea huko."

Sindano alirudisha bastola kiunoni.

"Yote yamo kichwani," mzee alisema polepole. "Ila mikono hii haiwashi tena tanuri."

Simu ikaita.

"Kazi safi. Mzee anaikumbuka kanuni?"

Angesema ndiyo, wakuu wake wa usalama wangemfungia mzee kwenye maabara yenye walinzi mpaka afe.

"Hakumbuki chochote."

Alivaa miwani yake ya jua, akatoka taratibu kuelekea getini. Alitamani aitwe. Mzee hakumwita.