Maandishi Meupe

“Shoga, mbona ukisoma simu unafumba jicho moja kama mtu anayelenga ndege kwa manati?”

Swali hilo msusi wa chumba cha pili alimuuliza fundi cherehani asubuhi moja. Fundi cherehani akacheka, akasema jicho limeingia uzi. Uongo ni kama mshono wa haraka, hupendeza ukitazamwa kwa mbali. Laiti siku ile angejibu kweli, yasingemfika yaliyomfika.

Mambo yalianzia kwenye jengo la maduka, mwisho wa mwezi, watu wakipigana vikumbo. Simu ilimponyoka mkononi, mtu akaikanyaga. Akaingia nayo kwa fundi simu wa kwanza aliyemwona: kijana mrefu, shati la kijivu limenyooshwa vizuri, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi kukinga taa za dukani.

“Kioo kimekufa,” kijana alisema, “lakini roho ipo.”

“Basi mfufue, daktari.”

Aliporudishiwa simu, kioo kilikuwa cheusi kama masizi, maandishi meupe.

“Mbona umenizimia taa?”

“Nimekupumzishia macho. Mimi kutwa natazama vioo, weupe unanichoma kama jua la saa sita. Giza ni raha, utaona.”

“Haya, Bwana Giza.”

“Na wewe nitakuita Sindano. Mdogo, lakini umeshanichoma.”

Fundi cherehani alirudi kwake akitabasamu peke yake njiani.

Mapenzi yakachanua, na tatizo likachanua nayo. Maandishi meupe juu ya weusi hayakutulia machoni mwake. Yalitawanyika kama chaki iliyofutwa kwa kidole juu ya kitambaa cheusi. Naye fundi simu, nje ya duka lake, mdomo wake ulikuwa mzito, utamu wake wote ulikuwa vidoleni. Akikaa nawe hasemi maneno kumi. Akiandika, anamwaga moyo. Fundi cherehani akawa anaokota neno hapa, neno pale, mengine anakisia, kisha anajibu: “Sawa, mpenzi.”

Kwa nini hakusema? Alimzidi kijana umri. Siku ya kwanza kuonana na dada yake, dada alimpima juu hadi chini akasema, “Kaka, umetuletea mama wa pili?” Walicheka wote, ila mmoja neno lile lilimkaa rohoni. Leo aseme haoni? Na kuibadilisha simu mwenyewe hakujua. Fundi aliyemjua ni yuleyule aliyempa giza kama zawadi. Kumpa msusi amsomee maneno ya mapenzi nako, aliona haya. Haya ikamziba mdomo.

Kijana alikuwa amemwahidi kumpeleka kwa mama yake. Alasiri moja, gauni la bibi harusi likiwa chini ya sindano, ujumbe ukaingia. Akafumba jicho moja. Akaokota: Mama. Leo. Njoo.

Moyo ukaruka. Akajibu upesi: “Mungu mkubwa! Nilikuwa naisubiri siku hii kwa hamu.” Akaongeza vikatuni vya kucheka, akafunga duka, akavaa gauni lake la rangi ya chungwa, akajipulizia manukato, akapiga simu.

“Haloo, mpenzi! Nipo tayari, nije wapi?”

“Mpenzi wako yuko kwa daktari. Mimi dada yake.”

“Oo, wifi! Hamjambo huko?”

“Wifi wa nani? Mama yetu kaanguka jikoni, hajitambui. Kaka yangu kakuandikia machozi yanamtoka, wewe unamjibu ulikuwa unaisubiri siku hii kwa hamu! Na unacheka! Mtu wa namna gani wewe, au mchawi?”

Simu ikakatwa. Fundi cherehani alijiona kwenye kioo cha dukani, amepambika kama anayekwenda harusini, akatamani sakafu ipasuke. Akamwendea msusi, simu mkononi.

“Nirudishie weupe.”

Msusi akagusa mara mbili. Kwisha. Kioo kikawa kama karatasi, na kila neno likakaa mahali pake.

Akaketi akasoma jumbe zote, tangu ule wa kwanza. Mahali pamoja kijana alimweleza jinsi alivyofiwa na baba yake. Yeye alijibu, “Sawa, mpenzi.” Uso ulimwaka kama pasi.

Alipiga, hakupokelewa. Akawa anaomba kimyakimya, akishona, mpaka aliposikia kwa majirani wa fundi simu kwamba mama amezinduka. Akavaa nguo zake za kazi, akaenda hospitali saa ya kutazama wagonjwa.

Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Kijana amesimama dirishani, kofia usoni. Dada amekalia kiti pekee kilichokuwapo.

“Umefuata nini?” dada akauliza.

“Nimefuata aibu yangu.”

Kijana hakugeuka. “Sindano, ule ujumbe uliusoma?”

“Sikuusoma.”

“Na nyingine?”

“Nyingi sikuzisoma. Maandishi meupe yananikimbia machoni. Nilikuwa nakisia.”

“Kumbe nilikuwa nauandikia ukuta.”

“Sasa nimesoma zote.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningeanzaje? Nilishaitwa mama wa pili. Niliogopa utaona kweli umeokota kizee.”

Dada akainamisha macho. Kitandani mama akainua kidole. “Soma,” alisema kwa sauti ndogo. “Nami nisikie mwanangu aliandika nini.”

Akatoa simu. Safari hii macho yote mawili yalikuwa wazi.

“‘Mama ameanguka. Leo naogopa, Sindano. Njoo unishike mkono.’” Angeweza kuishia hapo. Akaendelea, akasoma na jibu lake mwenyewe, neno kwa neno, hata vikatuni vya kucheka akavitaja kimoja kimoja, machozi yakidondokea kidoleni.

Kisha mama akakohoa, kumbe anacheka. “Mchawi haandiki kwenye simu, mwanangu, akabaki na ushahidi.” Akamgeukia kijana. “Na wewe, ulipomwekea giza lako, ulimuuliza kama linamfaa?”

Kijana akavua kofia. “Sikumuuliza, mama.”

“Haya.”

Akasogea kitandani, akiifinyanga kofia. “Nisamehe, Sindano. Nami nina neno, na hili siandiki. Mama akiruhusiwa, nataka nije kwenu na wazee wangu.”

Fundi cherehani hakujua auweke wapi uso wake. Alimtazama dada, akingoja chochote: kebehi, tusi, hata kicheko.

Dada akainuka. Akakifuta kile kiti kwa ncha ya mtandio wake, akakisukuma mpaka kikagusa nyuma ya magoti ya fundi cherehani. Akachukua mkoba wake, akatoka.