Msiitane Mchana

Shemeji yangu alikuwa na kiti chake sebuleni, na akishakaa, mdomo ndio uliofanya kazi zote. Leta maji. Zima feni. Rimoti iko wapi? Miaka yote ya ndoa dada yangu aliitwa hivyo, akaitika, akakimbia. Alipofungasha virago arudi kwetu, mume akashtuka na kuahidi safari: wapumzike kwenye mji mdogo wa pwani, bila haraka, wazungumze. Dada akalainika. "Akibadilika huko, mdogo wangu, nitabaki naye," aliniambia. Sikuamini, lakini nilimsaidia kupanga nguo sandukuni.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Waliamka jua likiwa juu, wakatembea ufukweni wakiburuta miguu, na shemeji akabeba hata kikapu. Jua likikolea, maduka yalifungwa na mji mzima ukalala. Mama mwenye nyumba waliyopanga aliwapa sharti moja tu.

"Mchana hapa ni kimya," alinong'ona. "Ukimtaka mwenzako, inuka umfuate. Msiitane."

Shemeji alicheka. "Yaani nimwite mke wangu kwa kibali?"

Uvivu wa mtu hauendi likizo. Mchana mmoja dada alikuwa bafuni anaoga, na shemeji kajilaza kwenye kiti cha kibarazani, macho kwenye simu.

"We mama! Maji!"

"Abee," sauti ikaitika.

Ilikuwa sauti ya dada. Ilitoka chumba cha nyuma, kile ambacho mwenye nyumba alikuwa amekifunga kwa kufuli.

Dada aliisikia akiwa na povu usoni. Akafunga bomba. Nyayo zikapita nje ya mlango wa bafuni, taratibu. Glasi ikagonga meza.

"Ahsante," shemeji akasema. Namjua, hakuinua macho. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuinua hata macho.

Dada akataka kupiga kelele. Mdomo ukafunguka. Hakikutoka kitu.

Alitoka na taulo, maji yanamchuruzika. Mumewe alikuwa peke yake, anakunywa. Dada akamshika bega, akamwonyesha koo, akalia bila sauti.

"Umeanza tena kununa?"

Ndipo kutoka chumba cha nyuma, kwa upole, sauti ile ile ikauliza, "Nikuongeze?"

Shemeji aliutazama mdomo wa dada. Umefumbwa. Akautazama ule mlango. Akainyoosha glasi.

"Niongeze," akasema.

Dada aliondoka siku hiyo hiyo na mkoba wa mkononi tu. Madaktari wamemchungulia koo, hawaoni kasoro. Haya yote ameniandikia kwenye simu, tumekaa kitanda kimoja, bega kwa bega.

Shemeji hajarudi. Juzi alinipigia, anaongea kama mtu aliyeshiba. "Nguo za dada yako nimezituma na basi. Huku hazitakiwi tena." Nyuma yake mtu alicheka, kicheko cha dada cha enzi za usichana wake, kile ambacho ndoa ilikimaliza. Dada mwenyewe alikuwa ubavuni mwangu, anasikia. Nilimchukia yule mwanamume kuliko nilivyoiogopa ile sauti.

Sanduku limefika leo. Nguo zimekunjwa vizuri, lakini zimevaliwa. Magauni yote yamerefushwa mikono, kipande juu ya kipande, kwa sindano ya mkono. Nimelitundika moja nyuma ya mlango. Mikono inaburuta sakafuni, na makwapani bado pana jasho.