Kiti cha Pili

Mapokezi ya hospitali yalikuwa yamefurika watu. Mwalimu, gauni lake la kijani limekazwa mkanda kiunoni, alikuwa akiwapanga wanafunzi wake wa chuo wawahoji wauguzi: wanataka programu ya foleni iwafanyie nini? Pembeni, jamaa mmoja mwenye shati la bluu aliinamia kompyuta akiguna.

"Imeharibika?" Mwalimu akauliza.

"Nzima kabisa, dada. Programu ya foleni iliyomo nimeitengeneza mwenyewe. Tatizo wauguzi hawaitumii."

"Uliwauliza kwanza?"

"Nilidhani..."

"Pole. Darasani kwangu neno hilo ni marufuku."

Jamaa akacheka mpaka muuguzi akamkaripia.

Tangu hapo Fundi, ndivyo Mwalimu alivyomwita, akawa hakosi mlangoni pa darasa la jioni. Yeye alileta makosa halisi ya kampuni yao, Mwalimu alileta aliyoyasoma kwenye tafiti, wanafunzi wakayakutanisha. Kisha wakawa wanasindikizana, hadi wakawa wapenzi. Siku alipokaribishwa nyumbani kwa Mwalimu, Fundi alikuta meza yenye kiti kimoja.

"Wageni wako wanakaa wapi, mpenzi?"

"Wageni gani?" Mwalimu alicheka, lakini peke yake.

Mwalimu alipomwambia Fundi kwamba ameanza kuandika ripoti ya utafiti wake, simu za Fundi zikakoma. Mwalimu alikula akiitazama simu, akaipangusa kioo kwa pindo la gauni. Kicheko cha runinga ya jirani kilipopenya ukutani, alijikuta akitabasamu nacho. Darasani aliwahimiza wanafunzi, "Nendeni mkaulize!" Nyumbani, kidole kilikataa kubonyeza namba moja tu, ya Fundi.

Jumamosi mchana simu ikaita.

"Umenichoka?" akaanza Mwalimu.

"Mimi? Si ulisema una ripoti? Nilidhani unahitaji utulivu."

"Ulidhani."

"Na wewe mbona hukuuliza?"

"Nilidhani umepata mwingine."

"Ehee! Mwalimu mzima!"

Wakacheka, Mwalimu akifuta machozi.

"Utulivu ninao tele, Fundi. Nimeushiba."

Nyuma ya kicheko cha Fundi msumeno ulikuwa ukikoroma.

"Kwani uko wapi wewe?"

"Kwa seremala. Safari hii nauliza kabla. Unahitaji kiti cha pili?"

Mwalimu aliutazama upande wa pili wa meza, uliojaa vitabu tangu ahamie. Akaibana simu begani, akaanza kuvihamisha.

"Chukua chenye mgongo," akasema. "Cha mtu wa kukaa."