Fundi Aliyetumwa Kuzima Baraza

Asubuhi ile Zaituni alikuwa anajipulizia manukato kama anaenda harusini, kumbe anaenda kazini kuzima nusu ya Bunge.

Nusu yenyewe ni Baraza la Juu. Hakuna aliyelichagua. Wajumbe wake ni vifikiri, mashine za kufikiri zilizopangwa ukutani jijini Kondoa, na kila sheria lazima ipitie kwao. Walifundishwa kwa kusikilizishwa mazungumzo ya watu wazima, kwa hiyo wana adabu mpaka wanachosha. Sheria ya kuwapa wachimbaji wa Mwezini likizo ya kurudi nyumbani wanairudisha kila mwaka, eti iangaliwe vizuri zaidi. Swalehe, mume wa Zaituni, yuko huko Mwezini. Mtoto wao kioo cha simu ndicho anachokiita baba.

Sasa kura ya maoni imepigwa, wananchi wamesema Baraza liondoke. Kimebaki kikao kimoja cha kuagana, na neno la mwisho ni la fundi anayezima, kwa niaba ya wananchi wote.

Bi Mkubwa, kifikiri anayeongoza kikao, alimpokea Zaituni vizuri. Akamuulizia mtoto, akamuulizia mama mkwe na presha yake. Akasema matokeo wameyapokea, hawana kinyongo na mtu.

“Basi mwanangu, tunaomba ruhusa tuondoke.”

Zaituni alilelewa vizuri, na hapo ndipo penye tatizo. Mkono uko kwenye swichi, mdomo ukatangulia.

“Jamani, mbona mapema hivyo? Kaeni kwanza mnywe chai.”

Bi Mkubwa akashukuru, akasema kweli hawakutegemea. Neno la wananchi likaingia kwenye kumbukumbu, swichi ikajifunga yenyewe, haizimi tena.

Zaituni akajieleza mpaka jasho likamtoka. Akasema ile ni kauli tu, kila mgeni huambiwa hivyo, hata yule uliyetamani aondoke tangu juzi. Bi Mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akasema hoja ni nzuri, wataiangalia vizuri zaidi.

“Ila chai usijisumbue, mwanangu. Sisi hatunywi.”

Nje, Zaituni alikaa kwenye ngazi akaandika: “Swalehe, nisamehe. Nimewakaribisha.”

Ujumbe ukaenda, ukaonyesha umesomwa. Jibu kutoka Mwezini huchukua sekunde chache tu. Wafagiaji walimaliza ngazi zote, wakamruka yeye, na simu bado iko kimya mkononi.