Koili ya Tatu

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alinawa mikono na kuketi kwenye benchi la karakana ya shangazi yake, kusuka waya wa shaba. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Wiki ile walikuwa wakitengeneza jenereta ya zahanati, itakayozungushwa na maji ya mfereji. Mkunga alikuwa amechoka kuzalisha huku ameng'ata tochi.

"Nataka kumwambia mama asukume," alilalamika, "ninatoa mlio wa mbuzi mwenye mafua."

Shangazi alianza kwa kusuka koili ndogo ya majaribio, waya uliozungushwa mara kumi tu. Akaiweka mbele ya sahani ya chuma iliyobandikwa sumaku, akawasha mota ya karakana kuizungusha. Mshale wa kipimo ukapanda hadi nusu volti.

Chiriku akainama kutazama. Sumaku zilipita karibu na waya bila kuugusa, na bado umeme ulizaliwa humo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alinyamaza.

"Haya, mwanahesabu. Mizunguko kumi, nusu volti. Betri ya zahanati inataka kumi na nne."

"Ishirini kwa volti moja," Chiriku alihesabu kwa vidole. "Mia mbili themanini, shangazi."

"Tugawe kwa koili nne, sabini sabini. Mimi mbili, wewe mbili. Na kila ukifika kumi, chora mstari wa chaki mezani. Kichwa husahau, chaki haisahau."

Koili yake ya kwanza ilikwenda vizuri. Akiwa kwenye ya pili, ambayo ingekuwa ya tatu katika mashine, rafiki yake alichungulia dirishani, wakaanza kusimuliana vituko vya darasani. Alipogeukia meza, mistari ilikuwa mitano. Je, alikuwa amesahau kuchora? Kuanza upya kulimchosha hata kabla ya kuanza. Akachora miwili mingine bila kuongeza waya, ikawa saba. Akafunga koili kwa utepe, akaipaka vanishi.

Siku ya kupima, mkunga alikuja na tochi yake mfukoni. Koili zote nne ziliungwa kwa mfuatano, mota ikawashwa kwa kasi ileile. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye kumi na tatu.

"Imepungua moja tu," mkunga alisema. "Si haba?"

"Betri haitajaa, dada. Chiriku, volti moja ni mizunguko mingapi?"

"Ishirini," alijibu.

Shangazi alivua miwani. "Basi nimekosea mimi. Uzee huu unaanza kunila. Nitafumua zangu zote mbili, nianze upya."

Chiriku alitazama vidole vya shangazi vilivyojaa makovu ya waya.

"Usifumue, shangazi. Ni ya tatu. Nilipotewa na hesabu, nikachora mistari miwili ya uongo."

Shangazi alichukua kipimo. Alipima koili moja moja: tatu na nusu, tatu na nusu, mbili na nusu, tatu na nusu. Akampa Chiriku ile ya tatu na mkasi. Chiriku alikata utepe, akafumua akihesabu kwa sauti. Waya uliisha kwenye hamsini kamili.

Chiriku aliutazama waya. Utepe ulikuwa umefunika, vanishi imeziba, hakuna jicho lililoona. Sumaku zilipita tu mbele yake, zikajua.

Alisuka upya, akachora mistari saba, na rafiki alipobisha dirishani alitikisiwa kichwa tu. Safari hii mshale ulipanda polepole hadi kumi na nne.

"Unaona, mwanangu," shangazi alisema, "hesabu hukuambia kitu kitatoa nini, ila kitatoa kile ulichoweka kweli. Kukosea ni kwa kila fundi, mimi pia nimeunguza mota za watu. Lakini kosa ukilifunika, unamwachia mwingine alibebe. Leo ulikataa nilibebe mimi. Kwa hilo, kesho utasuka peke yako."

Wiki iliyofuata jenereta ilifungwa mferejini. Katika chumba cha kuzalia kisicho na dirisha, taa iliwaka nyeupe hadi pembeni. Mkunga alichomoa tochi mfukoni, akazitazama alama za meno yake, akamkabidhi Chiriku.

"Chukua," alisema. "Mimi sasa nina mdomo."